Mwalimu na Meli Iliyokwama Barafuni

Waendesha boda boda wa Runyenjes hawakumsalimu mwalimu kama walivyosalimu wazee wengine. Hawakuuliza habari za nyumbani wala za kahawa. Walimuuliza, "Mwalimu, meli imefika wapi?"

Naye alisimama, akaweka kikapu chini, akajibu kama mtu aliyeulizwa swali la maana.

"Haijafika. Iko pale pale."

"Bado iko kwa barafu?"

"Bado."

"Si wawashe injini wasukume."

"Makaa yamepungua. Yaliyobaki ni ya kupikia na kuota moto."

"Wangetuambia tuwatumie magunia ya makaa ya Kiritiri," mmoja wao alisema siku moja huku akitafuna majani ya muguka, na wenzake wakacheka, na mwalimu naye akacheka kidogo, akaokota kikapu akaenda zake. Niliwaonea hasira, lakini yeye hakuona ubaya. Aliniambia kwamba katika mji mzima ni wale vijana peke yao waliouliza habari za ile meli kila siku.

Meli yenyewe haipo tena. Ilikuwa meli ya zamani sana, ya watu waliokwenda kaskazini mwa dunia, na mabaharia wake wote walikwisha kufa kabla babu zetu hawajaota meno. Kilichobaki ni vitabu vya zamu. Kila baada ya saa chache ofisa wa zamu aliandika upepo unatoka wapi na una nguvu gani, barometa inasema nini, kipimajoto kinasema nini, anga iko vipi, barafu iko vipi. Vitabu hivyo vimepigwa picha, picha zikawekwa kwenye mtandao, na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali wanazisoma na kuandika upya tarakimu zake, ili wanaochunguza hali ya hewa wapate kuzitumia. Hakuna anayelipwa. Mwalimu wangu wa jiografia alikuwa mmoja wao. Alifanya kazi hiyo katika chumba kidogo kando ya nyumba yake, kilichokuwa stoo ya kahawa, kwa kompyuta aliyoachiwa na mwanawe. Simu iliyoleta mtandao aliifunga kwa mpira wa tairi kwenye vyuma vya dirisha, kwa sababu hapo tu ndipo palipokuwa na netiweki.

Mimi ni fundi wa pampu za kunyunyizia dawa. Ninazunguka. Msimu wa kahawa niko Runyenjes, watu wa Mbeere wakipanda ndengu nashuka Kiritiri, na wakulima wa viazi wakianza kupambana na ukungu napanda hadi Kiirua. Tangu nimalize kidato cha nne sijakaa mahali pamoja miezi mitatu mfululizo, isipokuwa mara moja, na mara hiyo ndiyo inayonifanya niandike haya.

Darasani alikuwa mtu wa vipimo. Nyuma ya maabara palikuwa na kipimamvua cha shaba, na kila asubuhi saa tatu mwanafunzi wa zamu alikwenda kukisoma na kuandika katika daftari lenye jalada jeusi. Tulipokuwa kidato cha pili, siku moja ya kiangazi kikali, wavulana wa bweni walimwaga humo maji ya kufulia. Tulijipanga dirishani kumwona mwalimu akishangaa. Hakushangaa. Alimimina maji kwenye chupa ya kupimia, akainama, akaandika, akaondoka. Baadaye tulikwenda kuchungulia daftari. Alikuwa ameandika: "Milimita kumi na mbili. Ina povu la sabuni."

Hakumwadhibu mtu. Alisema tu darasani kwamba kama siku moja mtu atataka kujua kilichokuwa ndani ya chombo kile asubuhi ile, atapata jibu.

Neno lake kubwa lilikuwa, "Zamani si kipimo." Ukimwambia kwamba zamani mvua ya Machi haikuchelewa, alikuuliza zamani gani, na nani aliandika. Kanisani walimpenda lakini waliogopa kumpa maombi. Mwaka mmoja wa ukame mchungaji alimwita mbele aombee mvua, naye akaanza kwa kumweleza Mungu kwamba Jumanne zilinyesha milimita nne, ila hazikufika Kiritiri. Watu wengine waliinua vichwa, macho wazi. Mkewe, ambaye sote tulimwita Madam kwa sababu naye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alifunika uso kwa leso.

"Unamweleza Mungu habari ambazo anazijua," alimwambia walipotoka.

"Mchungaji alisema hakujanyesha kabisa. Nilikuwa namsahihisha mchungaji."

Ni mlima wetu wenye barafu kileleni uliomfikisha kwenye meli. Asubuhi zisizo na mawingu alisimama nyuma ya zizi, mikono mgongoni, akiangalia ule weupe wa juu. Wazee wa pale walisema umepungua, kwamba utotoni mwao kilele kilikuwa cheupe mpaka chini. Mwalimu hakuwabishia, ila ilimkera kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeandika. Alipostaafu alianza kutafuta kwenye simu nani duniani aliwahi kuandika habari za barafu kila siku bila kuruka. Akawapata mabaharia.

Ajabu ni kwamba barafu yenyewe hakuiweza. Alikuwa mtu wa kusikia baridi kuliko wote niliowahi kuwajua. Alivaa sweta mbili mwezi wa Julai, na chai iliyokaa dakika tano aliirudisha jikoni. Aliwahi kuongoza wanafunzi kupanda mlima, akaugua kichwa kabla hawajatoka msituni, akateremshwa akiwa ameshikwa mabega na wasichana wawili wa kidato cha tatu. Baharini hakuwahi kwenda. Mwanawe alitaka kumpeleka Mombasa, akakataa. Alisema ile si bahari anayoishughulikia.

Wiki ya kwanza ya kazi ile alifanya kosa ambalo mwalimu wa shule za huku kwetu hawezi kulikwepa. Mabaharia waliandika joto kwa vipimo vya kale vya Kiingereza, naye akaona ni vibaya kuwaachia watu namba zisizofundishwa tena, akazigeuza zote ziwe za sentigredi, mkononi, kwa kalamu, kurasa thelathini. Tena akasahihisha maneno yaliyoandikwa vibaya. Msimamizi wa kazi, mtu wa mbali ambaye hatukuwahi kumwona, alimwandikia kwa upole kwamba tafadhali aandike kama ilivyo. Mwalimu alinuna siku mbili. Siku ya tatu alirudi kwenye ukurasa wa kwanza, na tangu hapo akawa mkali kuliko msimamizi.

Mabaharia wale aliwajua kwa miandiko, akawapa majina. Palikuwa na Mkono Mzito, aliyebonyeza kalamu mpaka wino ukapita upande wa pili. Palikuwa na Bwana Kamba, ambaye herufi zake zilishikana zote. Wa zamu ya alfajiri alimwita Mvivu, kwa kuwa mara nyingi aliweka alama mbili ndogo kumaanisha kama hapo juu.

"Mwangalie huyu," alisema, kidole kwenye kioo. "Zamu nzima yuko nje, na hakuona kitu. Ningekuwa naye darasani!"

"Mwalimu, labda alikuwa anasikia baridi."

"Mkono Mzito hakusikia baridi?"

Nilijiunga naye kwa bahati tu. Nilipita kwake kutengeneza pampu iliyokuwa ikivuja, nikamkuta pua karibu iguse kioo cha kompyuta. Nilikuwa nimepiga magoti uani nikibadilisha mpira wa pampu Madam alipokuja kusimama karibu nami, sauti chini.

"Fundi, haoni."

"Haoni vipi?"

"Daktari alisema presha ya macho. Anafikiri sijui. Dawa ya kudondoshea anaificha kwa mkebe wa kalamu." Alitazama mlango wa stoo. "Anataka tu kumaliza hiyo meli. Wewe ulikuwa unasoma vizuri, alikuwa anasema. Msomee kidogo, yeye aandike. Vidole vyake vinajua hiyo mashine bila macho."

Mtu aliyesisitiza ukweli wa kila tone la mvua alikuwa akimdanganya mkewe kila asubuhi, na mkewe naye akimdanganya kwamba amedanganyika. Nilisema nitakaa wiki mbili. Mvua za masika zikaanza, barabara za ndani zikawa tope, kazi ya pampu ikapungua, nikakaa.

Tulianza saa tatu asubuhi hadi saa sita, kisha baada ya chakula cha mchana cha githeri tukaendelea hadi saa kumi. Nilisoma Kiingereza cha wale watu kama kilivyoandikwa, naye alipiga herufi bila kutazama, kichwa kimeinama upande wa sikio lake zuri. Alinieleza kwamba kila ukurasa unasomwa na watu watatu wasiojuana, kisha unalinganishwa. Wakikubaliana, unapita. Wasipokubaliana, unarudishwa kwa msimamizi, na msimamizi huwauliza. Tangu lile kosa la sentigredi, ukurasa wake haukuwahi kurudi. Aliniambia hivyo mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, lakini nilimwona akinyoosha mgongo.

Shida ni kwamba meli haikuenda. Tulipokuwa tukianza, ilikuwa imeshikwa na barafu pande zote, na ilibaki hivyo ukurasa baada ya ukurasa. Upepo kaskazini mashariki, nguvu mbili. Mawingu. Barafu haina badiliko. Upepo kaskazini mashariki, nguvu mbili. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili, na maisha yangu yote nilikuwa nimeondoka kila mahali kabla hapajanizoea. Sasa nilikuwa nimekaa katika stoo inayonuka maganda ya kahawa, ndani ya meli isiyokwenda popote. Miguu yangu ilicheza chini ya meza. Nilisikia kila lori lililopita barabarani na nikajua kwa mlio liko gia ya ngapi.

"Kijana, tulia," aliniambia. Hakuacha kuniita kijana.

"Mwalimu, hawa watu hawakuchoka?"

"Walichoka. Ona mwandiko wa Bwana Kamba, unazidi kulala. Lakini aliandika."

Siku niliyoondoka ilikuwa Alhamisi. Rafiki yangu mwenye lori la mchanga alikuwa akishuka Kiritiri, akaniahidi kunibeba pamoja na vifaa vyangu. Nilimwambia mwalimu tutafanya kurasa tano za mwisho, nikapumzike, nitarudi baada ya wiki chache. Hatukuwa tumeanza ukurasa wa kwanza lori likapiga honi langoni.

Nilitazama mistari ya juu. Upepo ule ule. Barafu ile ile.

"Huu ni kama jana," nikasema.

"Kama jana kabisa?"

"Barometa imeshuka kidogo." Nikampa namba. Niliitoa kichwani. Joto pia nikalitoa kichwani, nikaliongeza digrii moja ili lisifanane mno. Niligeuza kurasa bila kuzisoma, tano zote, nikimtajia upepo na mawingu kwa sauti ile ile niliyotumia siku zote, nikitua pale ambapo msomaji hutua. Yeye akapiga herufi. Honi ikalia tena. Dakika kumi, tukamaliza siku tano za wale watu.

"Leo umesoma vizuri," mwalimu akaniambia. "Hukukwama hata mara moja."

Nilimshika mkono, nikaenda.

Sikurudi baada ya wiki chache. Kutoka Kiritiri nikaenda Siakago, kisha Isiolo kwa mtu aliyeniambia kuna pampu za umeme wa jua, na hazikuwepo. Mwaka ukapita na kitu. Nilikuwa Kiirua, nimetandaza gunia nje ya duka la mbolea, Madam aliponipigia simu.

"Fundi, mwalimu ameacha meli."

"Ameimaliza?"

"Ameacha. Alikuwa amepata msichana wa jirani wa kumsomea akifunga shule, walikuwa wanaenda polepole. Halafu zikarudi kurasa. Tano. Yule msimamizi akamwuliza kwa adabu tu, akasema wenzake wawili wameandika kitu kimoja na yeye ameandika kingine. Anasema kichwa chake kimeharibika. Anasema alisikia vitu ambavyo havikusomwa. Unamkumbuka kaka yake?"

Nilimkumbuka. Kaka yake alianza kwa kutaja watu wasiokuwepo mezani, akaisha bila kumjua mtoto wake mwenyewe.

"Sasa anajipima," Madam akasema. "Asubuhi ananitajia watoto wetu kwa majina, mmoja mmoja, nimwambie kama amekosea. Mkebe wa kalamu ameufunga kwa kamba ameweka juu ya kabati. Kompyuta nayo iko huko juu, anataka ipelekwe shuleni."

Ningeweza kusema pale pale. Maneno yenyewe ni machache. Nilisema, "Pole, Madam," nikasema nitapita nikipata nafasi, nikarudi kwa pampu iliyokuwa mapajani mwangu, nikaifungua kuanzia mwanzo ingawa nilikwisha kuitengeneza. Siku tisa nzima nilijipa sababu. Siku ya kumi mkulima mmoja aliniuliza kwa nini nimemrudishia pampu bila kifuniko, na nikaona kwamba hata kazi yangu imeanza kuniaibisha. Nikakunja gunia.

Nilimkuta ameketi uani juani, sweta mbili, uso umeelekea mlima ingawa mawingu yalikuwa yameufunika. Amekonda. Aliponisikia alitabasamu.

"Subiri, usijitaje." Akaweka mkono hewani. "Fundi. Kidato cha nne, safu ya dirishani. Baba yako alikuwa na ng'ombe mmoja mwenye pembe iliyovunjika." Akageuza kichwa kuelekea jikoni. "Madam, nimekosea?"

"Hujakosea," Madam akajibu kutoka ndani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kujibu hivyo mara nyingi siku ile.

Nilikaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikaanza na mengine.

"Zile kurasa tano, Mwalimu. Sikuzisoma."

Hakuelewa. "Ulizisoma. Nakumbuka lori."

"Lori lilikuwepo. Lakini sikusoma. Nilitunga. Barometa niliitunga, joto nililitunga. Ulichosikia ndicho nilichosema. Uliandika sawasawa."

Kuku alipita kati yetu. Mwalimu alivua miwani, akaishika mapajani.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Si kichwa changu."

"Kichwa chako hakina shida."

Alipumua kwa muda mrefu, kama mtu aliyeteremsha gunia la kahawa, kisha machozi yakamtoka bila sauti, na hakuyafuta. Madam alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Nilidhani atanitukana. Alirudi jikoni tu.

Halafu hasira ikaja. Niliiona ikipanda shingoni mwake.

"Siku zote hizi," akasema. "Nimelala nikihesabu majina ya watoto wangu. Nimejiona mzee aliyepoteza akili, kwa sababu wewe ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Kiritiri."

"Kiritiri kulikuwa na nini?"

Nilifikiri. Nilitaka kumpa jibu la kweli angalau hilo. "Hakukuwa na kitu, Mwalimu. Nilikuwa nimechoka kukaa."

"Wale walikaa miezi. Wamekwama, vidole vimekufa ganzi, na waliandika kila zamu. Hata Mvivu aliweka alama zake. Wewe ulikuwa umekalia kiti, na githeri umeletewa. Ondoka."

Nikasimama. Nilikuwa nimefika langoni aliponiita, si kwa jina.

"Na nani atazisoma?"

Nikarudi. Tuliingia stoo. Madam aliishusha kompyuta kutoka juu ya kabati akaipangusa vumbi kwa kanga, nami nikaifunga simu dirishani. Kabla ya lolote mwalimu aliandika ujumbe kwa msimamizi, akautamka huku akiuandika ili nisikie kila neno: kwamba zile kurasa tano ziliharibiwa na msomaji wake, kwamba mwandishi hakuwa na kosa, na kwamba msomaji yuko hapa na anazisoma tena. Hakulitaja jina langu. Alinipa nafasi nilitaje mwenyewe, akasubiri, nami nikalitaja, akaliandika.

Tukaanza. Siku ya kwanza, upepo kaskazini mashariki, nguvu mbili. Siku ya pili, nguvu tatu, theluji kidogo zamu ya jioni. Alinisimamisha kila mstari. "Rudia. Ni tatu au tano? Usikisie." Nikarudia. Jasho lilinitoka kwapani ingawa chumba kilikuwa baridi. Lori lilipita barabarani na sikugeuka, si kwa sababu sikulisikia.

Siku ya tatu, zamu ya alfajiri, mwandiko ulikuwa wa Mvivu. Niliujua mara moja. Lakini hapakuwa na alama zake mbili. Palikuwa na mistari minne kamili, imebanana, mingine imepanda ukingoni mwa ukurasa kwa kukosa nafasi.

Nilisoma polepole. Aliandika kwamba saa kumi alfajiri palisikika mlio chini ya meli, kwamba barafu ya upande wa kulia ilifunguka mwanya wa maji wenye upana wa hatua ishirini, kwamba watu wote waliitwa juu ya sitaha, wakasimama wakiutazama. Aliandika kwamba kabla ya mapambazuko mwanya ulifungika tena.

Mwalimu aliinua vidole kutoka kwenye herufi.

"Ni Mvivu huyo?"

"Ndiye."

"Nisomee tena."

Nikamsomea tena. Alisikiliza amefumba macho, midomo ikicheza kidogo, kama mtu aliyesimama juu kule pamoja nao akitazama maji.

"Na sisi siku hiyo tuliandika nini?"

Niliufungua ule ukurasa wetu wa zamani, nikausoma.

"Barafu haina badiliko."

Mwalimu alitafuta kwa vidole kitufe cha kufutia, akaufuta mstari wote, herufi kwa herufi, ingawa angeweza kuuondoa mara moja.

"Zamu ya alfajiri," akasema. "Anza na upepo."